Kupima Hatari za Safari Katika Nchi Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kabla ya Kukata Tiketi

"Je, Brazil ni salama?" Swali hilo halijibiki. Brazil ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 8.5. Urusi ina kanda 11 za saa, na treni ya kutoka Moscow hadi Vladivostok hutembea takribani kilomita 9,300 kwa muda wa wiki nzima. Ukiuliza usalama wa nchi kama hizo utapewa wastani, na wastani hauna kitanda wala kituo cha basi. Swali linalojibika ni hili: mtu huyu, kwenye kipande hiki cha njia, kwa chombo hiki, mwezi huu, saa hii, anaweza kupatwa na nini? Mwongozo huu unalijibu swali hilo hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ikate safari vipande

Chukua daftari au jedwali la kompyuta. Kila mstari uwe kipande kimoja: unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa chombo gani, unaondoka saa ngapi, unafika saa ngapi, unalala wapi, uko na nani. Safari ya siku 12 yenye miji mitatu huzaa vipande 15 hadi 20. Ukipata vitano tu, kuna ulivyovisahau, na mara nyingi ndivyo vyenye hatari: kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, kutoka kituo cha basi hadi nyumba ya wageni, na matembezi ya kurudi kutoka kula chakula cha usiku.

Safu ya saa ya kufika ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ramani ya simu hukadiria mwendo kana kwamba barabara ni nzuri, hakuna lori lililoharibika mbele, na dereva hasimami kula. Kwa barabara za milimani au za vumbi, piga hesabu kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kisha ongeza saa moja na nusu za vituo. Kilomita 280 zinageuka saa tisa. Ukiondoka saa 4 asubuhi unafika saa 1 usiku, na maeneo mengi giza limekwisha kuingia. Hapo ama uondoke mapema ama ukigawe kipande hicho mara mbili.

Angalia na saa yenyewe. China nzima hutumia saa ya Beijing, hivyo katika mji wa Kashgar, magharibi kabisa, jua la Disemba huchomoza baada ya saa 4 asubuhi. Aliyepanga kuanza safari saa 2 "asubuhi" ameanza gizani.

Hatua ya 2: Mwandike msafiri

Watu wawili wanaolala chumba kimoja hawana hatari moja. Andika umri, magonjwa, dawa za kila siku, jinsia, lugha anazozijua, kazi yake na pasipoti anayoitumia. Mwandishi wa habari na mtalii huangaliwa kwa macho tofauti kwenye kizuizi cha polisi. Mwenye kisukari cha sindano anahitaji kujua friji iko wapi katika kila mahali pa kulala.

Pasipoti inastahili aya yake. China na India hazitambui uraia pacha. Mtu anayehesabiwa na China kuwa raia wake anaweza kunyimwa msaada wa ubalozi wa nchi yake ya pili, hata kama ameingia na pasipoti ya nchi hiyo. Angalia pia kama nchi yako ina ubalozi huko kweli, na uko mji gani. Katika nchi kubwa ubalozi unaweza kuwa umbali wa saa nne za ndege. Na usiutarajie makubwa: chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, aliyekamatwa ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, na maofisa wake wanaweza kumtembelea. Kumtoa gerezani hawawezi.

Hatua ya 3: Kusanya taarifa, kisha uzitilie shaka

Anza na ushauri wa safari unaotolewa na serikali. Usisome mmoja, soma mitatu. Marekani hutumia ngazi nne, kuanzia tahadhari ya kawaida hadi "usisafiri". Uingereza hutoa ramani zinazoonyesha sehemu ambazo inashauri watu wasiende kabisa na sehemu za kwenda kwa shughuli ya lazima tu. Kwa Mexico, Marekani hutoa ushauri jimbo kwa jimbo. Hivyo ndivyo nchi kubwa inavyopaswa kusomwa.

Katika kila ushauri tafuta mambo matatu: sababu, mahali na tarehe. "Ngazi ya 3" peke yake haikuambii lolote. Ngazi ya 3 kwa sababu ya mapigano mpakani, kilomita 900 kutoka njia yako, ni habari tofauti na ngazi hiyo hiyo kwa sababu ya utekaji nyara kwenye barabara kuu utakayopita. Serikali tatu zikitofautiana, usichukue ya katikati. Tafuta kwa nini zimetofautiana. Wakati mwingine ni siasa, kwani serikali huwa na ulimi laini kwa rafiki na mkali kwa hasimu. Wakati mwingine mmoja wao ana ubalozi mdogo katika eneo hilo na anajua zaidi.

Kisha shuka chini. Andika jina la wilaya, si la nchi, pamoja na neno la ajali, mafuriko, maandamano au ujambazi kwa lugha ya huko, ukitumia programu ya kutafsiri. Magazeti ya mikoani huandika basi lililopinduka wiki iliyopita. Magazeti ya mji mkuu hayana habari nalo.

Takwimu za uhalifu zina mitego miwili. Wa kwanza ni kusoma idadi badala ya kiwango. Tuseme jimbo lenye watu milioni 10 lina mauaji 300 kwa mwaka, na jingine lenye watu 500,000 lina mauaji 100. La kwanza linaonekana baya, lakini ni mauaji 3 kwa kila watu 100,000. La pili ni 20. Mtego wa pili ni kulinganisha wizi mdogo kati ya sehemu na sehemu. Mauaji huhesabika vizuri kuliko makosa mengine kwa sababu maiti ni vigumu kufichika. Wizi wa simu huandikwa pale tu mtu anapoamini polisi watafanya kitu, au anapohitaji karatasi ya kudai bima. Mji wenye wizi mwingi kwenye vitabu unaweza kuwa ndio wenye polisi wanaofanya kazi.

Mwisho, uliza watu, lakini usiulize "ni salama?" Mwenye hoteli atasema ndiyo, ana vyumba vya kujaza. Uliza vitu vinavyojibika: teksi za saa 4 usiku hupatikana wapi? Wageni hushauriwa wasipite mtaa gani? Basi la mwisho lililoharibika njiani, abiria walilala wapi? Jibu la haraka lenye majina ya mitaa ni la kuaminika kuliko "hakuna wasiwasi, karibu sana".

Hatua ya 4: Orodhesha hatari, ukianza na barabara

Wasafiri huwaza magaidi, lakini kinachowaua zaidi katika majeraha ni barabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa hiyo, kwa kila kipande cha gari, andika majibu ya maswali haya: Mkanda wa kiti cha nyuma upo na unafunga? Jaribu, usiangalie tu, maana mara nyingi kichwa cha mkanda kimefukiwa chini ya kitambaa cha kiti. Tairi zina kashata au ni vipara? Dereva aliamka saa ngapi, na jana aliendesha hadi saa ngapi? Safari ikizidi saa kumi, kuna dereva wa pili? Kwa basi la usiku swali la dereva wa pili linatosha kuamua. Lisipokuwa na jibu, safiri mchana.

Pikipiki ya kukodi ina shimo ambalo wengi huligundua hospitalini. Bima nyingi za safari hazilipi kama huna leseni inayoruhusu ukubwa wa injini ile, au hukuvaa kofia ngumu. Leseni ya gari peke yake mara nyingi haitoshi.

Kwa ndege za ndani, angalia kama shirika limo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyozuiwa kuruka katika anga yake. Orodha hiyo ni ya bure na husomwa kwa dakika mbili.

Afya nayo ifuate wilaya na mwezi. Malaria inaweza kuwa kali kaskazini mwa nchi na isiwepo kabisa mji mkuu. Muone daktari wiki nne hadi sita kabla, ukiwa na jedwali lako mkononi, sio jina la nchi tu. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Kwa kichaa cha mbwa, jiulize ungefika hospitali yenye dawa kwa saa ngapi. Ukiumwa na mnyama, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha tafuta chanjo siku hiyo hiyo. Aliyechanjwa kabla ya safari bado anahitaji dozi za nyongeza, lakini hahitaji ile sindano ya kingamwili, ambayo ndiyo hukosekana mashambani.

Majira ya mwaka ni rahisi kuyaangalia na watu wanayaruka. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni Juni 1 hadi Novemba 30. Monsuni ya India hunyesha kati ya Juni na Septemba na hukata barabara za milimani. Kaskazini mwa Australia vimbunga huja kati ya Novemba na Aprili. Huko Australia kanuni ya nyikani haibadiliki: gari likikwama, kaa nalo. Gari huonekana kutoka angani. Mtu anayetembea akitafuta msaada haonekani.

Kisha sheria, hatari ambayo msafiri huibeba mwenyewe ndani ya begi. India inakataza kumiliki simu ya setilaiti bila kibali, na wageni wameshakamatwa uwanja wa ndege kwa kubeba vifaa vidogo vya kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Kifaa ulichonunua kikuokoe ndicho kinachokupeleka kituoni. Angalia pia droni, dawa za maumivu na za usingizi, picha za madaraja na kambi za jeshi, na vibali vya maeneo: mgeni haingii Tibet bila kibali maalumu, na sehemu kadhaa za mipakani India zinahitaji kibali chake.

Hatua ya 5: Toa alama

Kwa kila hatari katika kila kipande, toa alama mbili kati ya 1 na 5. Uwezekano: 1 ni jambo ambalo usingelitegemea hata ukirudia safari mara elfu, 3 ni mara moja katika safari ishirini hivi, 5 ni karibu hakika. Madhara: 1 ni usumbufu wa saa chache, 3 ni hospitali au safari kuvunjika, 5 ni kifo, ulemavu au kifungo. Zidisha. 15 na kuendelea, kipande hicho kibadilishwe au kifutwe. 8 hadi 14, weka hatua za kupunguza. Chini ya hapo, endelea.

Kuzidisha kuna kasoro. Kupotelewa na begi (4 × 2) kunapata alama 8, na kutekwa nyara (1 × 5) kunapata 5, kana kwamba begi ni kubwa kuliko mtu. Kwa hiyo weka sheria ya ziada: chochote chenye madhara 5 kiandikiwe mpango, hata kama uwezekano ni 1.

Tuchukue mstari mmoja. Msafiri wa miaka 58 mwenye shinikizo la damu, Julai, anaruka kutoka Delhi hadi Leh, katika Ladakh, eneo la milimani kaskazini mwa India. Delhi iko takribani mita 216 juu ya usawa wa bahari, Leh takribani 3,500, na ndege huchukua saa moja na ushei. Mwili haujapewa hata usiku mmoja wa kuzoea. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi: uwezekano 4, madhara 2, jumla 8. Maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba: uwezekano 2, madhara 5, jumla 10. Ratiba yake inasema siku ya pili apande gari kuvuka Khardung La, njia ya mlimani yenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,300, akalale bonde la Nubra. Hapo uwezekano unapanda hadi 3, na alama inakuwa 15. Kipande hicho kinafutwa siku ya pili.

Sasa marekebisho. Siku mbili kamili Leh bila kupanda popote, bila pombe, maji ya kutosha. Kabla ya safari, azungumze na daktari wake kuhusu dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko na jinsi inavyochangamana na dawa zake za presha. Khardung La isogee hadi siku ya nne, na tu kama hana dalili. Kila jioni afanye kipimo cha mstari: atembee hatua kumi, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, kama anayepima uwanja kwa nyayo. Akiyumba, akichanganyikiwa au akihema akiwa amekaa, anashushwa usiku huo huo, hasubiri asubuhi. Alama mpya: uwezekano 1, madhara 5, jumla 5, na mpango upo.

Mstari huo huo unafichua mawili mengine. Ndege nyingi za Leh huruka asubuhi kwa sababu ya upepo wa mchana, na hali mbaya ya hewa huzifuta; basi usiunganishe na ndege ya kimataifa siku hiyo hiyo, acha siku moja katikati. Na laini ya simu ya kulipia kabla iliyonunuliwa Delhi kwa kawaida haifanyi kazi Ladakh. Ratiba ya kuripoti iliyotegemea simu hiyo imekufa kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Amua, na uandike mpaka wa kugeuka

Kila hatari ina njia nne: kuiepuka, kuipunguza, kumhamishia mwingine gharama yake, au kuikubali kwa macho wazi. Kuhamisha ni bima. Soma kurasa za visivyolipwa kabla ya ukurasa wa mbele. Tafuta hasa: mwinuko wa juu unaoruhusiwa, magonjwa uliyokuwa nayo, pombe, pikipiki, na kifungu kinachofuta bima ukienda eneo ambalo serikali imeshauri watu wasiende. Hakikisha kuna kuhamishwa kwa matibabu, kwa maana ndege ya wagonjwa ya kuvuka bara inaweza kupita dola 100,000, na uangalie ni nani anayeamua uhamishwe: daktari aliyeko kitandani pako au karani wa bima.

Mpaka wa kugeuka uandikwe nyumbani, ukiwa umetulia. Mtu aliyekwisha kulipia hoteli huona kila dalili kuwa ndogo. Andika kwa maneno yasiyo na ubishi: "Barabara ikifungwa zaidi ya saa 24, tunarudi." "Amri ya kutotoka nje ikitangazwa mjini, tunaruka mji huo." "Dereva akinuka pombe, tunashuka, hata kama mizigo inabaki."

Hatua ya 7: Mpango wa anayepotea

Mtu mmoja nyumbani abaki na jedwali, nakala ya pasipoti, namba ya bima na namba za hoteli zote. Mkubaliane saa za kuripoti, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na mkubaliane ni saa za wapi. Kisha kinachofuata ukimya: baada ya saa moja, apige simu na kutuma ujumbe, baada ya saa tatu, apige hotelini na kwa mwenye gari, baada ya saa sita, bima na ubalozi. Vipande visivyo na mtandao viwekwe alama mapema, la sivyo mtaita msako kila mnapopita bondeni. Zaidi ya hapo, chagueni neno la kawaida litakalomaanisha "sizungumzi kwa hiari yangu".

Namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi. China polisi ni 110 na ambulensi 120. Brazil polisi ni 190, ambulensi 192 na zimamoto 193. India ni 112. Australia ni 000. Lakini namba haina maana kama ambulensi iko mbali, hivyo kwa kila mahali pa kulala andika hospitali yenye upasuaji iko saa ngapi kwa gari. Ikizidi saa mbili, pandisha alama ya madhara kwa ajali zote za kipande hicho.

Hotelini, omba chumba kati ya ghorofa ya tatu na ya sita: juu ya mkono wa mwizi, chini ya mwisho wa ngazi ya zimamoto. Hesabu milango kutoka chumba chako hadi ngazi za dharura, kisha ufungue mlango wa ngazi hizo uone kama haujafungwa kwa mnyororo. Moshi ukijaa korido utatambaa ukihesabu kwa mkono.

Ukiwa njiani, na baada ya kurudi

Kila jioni tumia dakika kumi kwa mistari ya kesho tu. Hali ya hewa, barabara, habari za wilaya, saa ya kufika. Kilichobadilika kipewe alama upya kwa kalamu nyingine, ili uone kama unashusha alama kwa sababu ya taarifa au kwa sababu ya uchovu.

Usilitupe jedwali ukifika nyumbani. Ukipata homa ndani ya miezi mitatu, hata mwaka mmoja kama ulipita eneo la malaria, nenda hospitali siku hiyo hiyo nalo mkononi. Daktari akiuliza ulikuwa wapi, msomee wilaya na tarehe ulizolala huko.